Linalia Lini? Utangulizi wa Kusikiliza Magurudumu ya Nyuma

Fundi mmoja mzee aliyenifundisha mengi alikuwa na swali moja la kuwapokelea wateja. Mtu anashuka garini, anaamkia, kisha anaanza kumwaga maelezo: gari linalia huku nyuma, mzee, upande wa kulia, kama kuna vitu vinasagana. Mzee anaitika marahaba, anafuta mikono kwa tambara, halafu anauliza, "Linalia lini?" Mteja anadhani hajasikika. Anarudia: nyuma, kulia, hapa kwenye gurudumu. Mzee naye anarudia: lini?

Siku za mwanzo niliuona ni ukaidi wa uzee. Mtu keshakuonyesha kwa kidole, wewe unamuuliza saa! Baadaye, nilipokwisha kutoa hela yangu mwenyewe kwa bering mbili badala ya mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote, nilielewa kwamba swali lile ndilo taaluma yenyewe. Kuhusu mahali, sikio hudanganywa kila siku. Kuhusu wakati, mwendo na mzigo, mlio wa gari ni shahidi anayeaminika.

Taaluma ninayokukaribisha haina jina moja lililokubalika kwa Kiswahili. Viwandani huitwa uchunguzi wa mitetemo. Gereji wanasema tu "kusikiliza gari". Mimi nachagua jina la gereji. Nawaandikia wanafunzi wa uhandisi mitambo, mafundi vijana, na pia mwenye gari aliyechoka kubadilishiwa spea kwa kubahatisha, leo bering, kesho shokapu, keshokutwa difu, na mlio uko pale pale.

Kabla ya vyombo vyovyote, tuna lugha, nayo haikutunyima kitu. Kuvuma si kunguruma. Kukwaruza si kugonga. Kuna kukoroma, kutatarika, kuguna, kulia kama mluzi. Anayechagua kitenzi sahihi ameshafanya nusu ya uchunguzi bila kujua, kwa sababu kila kitenzi kina aina yake ya ugonjwa. Kilicholegea hugonga. Kilichochakaa huku kikizunguka huvuma. Kinachogusana na kisichopaswa kuguswa hukwaruza. Kinachobanwa kati ya nguvu mbili zinazovutana huguna. Mteja akisema "linapiga kelele", mwombe aigize kwa mdomo. Watu huona haya kidogo, lakini wakianza huigiza vizuri ajabu.

Kwa nini basi magurudumu ya nyuma, na kwa nini gari linalosukumwa na magurudumu yote manne? Kwa sababu katika gari la kawaida linalovutwa na magurudumu ya mbele, gurudumu la nyuma ni mfuasi tu. Lina tairi, bering, breki, na mikono ya saspensheni inayolishika, basi. Mlio ukitoka huko, watuhumiwa ni wachache. Lakini fo-wili ya siku hizi, ile isiyo na kitasa cha kuchagua, imebeba huko nyuma difu nzima, shafti mbili fupi zenye jointi na buti zake, propela ndefu inayotoka mbele ikiwa na krosi na bering ya katikati, na mara nyingi kapulingi inayoamua ni kiasi gani cha nguvu kifike nyuma. Kila kimoja kina namna yake ya kulia, na vyote vimefungwa kwenye bodi moja ya chuma inayopitisha sauti kama mbao za ngoma.

Magari haya si mageni kwetu. Jensen FF ya Uingereza ilitoka 1966, Subaru ikaweka mfumo wa magurudumu manne kwenye Leone mwaka 1972, na Audi wakaonyesha quattro yao Geneva mwaka 1980. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Audi 200 quattro, gari la kwanza la aina hiyo kushinda mashindano yale yaliyoanza 1953. Leo sihitaji kukupeleka kwenye rali. Simama dakika kumi kando ya barabara yoyote kubwa ya Nairobi, Arusha au Dar es Salaam uhesabu Forester, X-Trail, RAV4 na CR-V. Nyingi zilifika zikiwa zimeshatumika Japani, na mwenye gari wa pili au wa tatu hajui maisha yake ya kwanza yalikuwaje.

Sasa turudi kwenye sikio na uongo wake. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza jinsi binadamu anavyotambua sauti imetoka upande gani. Kwa sauti nzito, ubongo hulinganisha tofauti ndogo sana ya muda kati ya sikio la kushoto na la kulia. Njia hiyo ni nzuri kwa kulia na kushoto, lakini kwa mbele na nyuma ni butu: sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa hufika kwenye masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Ukiwa uwanjani unageuza kichwa, na mkanganyiko unakwisha. Dereva hawezi; macho yako barabarani. Ongeza kwamba mlio hausafiri hewani tu bali pia kwenye sakafu ya chuma, ukaja kuibukia chini ya kiti au kwenye nguzo ya mlango. Nimewahi kuona bering ya mbele ikituhumiwa kuwa difu. Nimeona pia abiria wa nyuma na dereva, mtu na mkewe, wakibishana njia nzima kuhusu gurudumu gani linavuma, na wote wawili walikuwa wamekosea.

Madaktari waliukuta ukuta huu kabla yetu. René Laennec, mwaka 1816 mjini Paris, aliviringisha karatasi nene na kuiweka kwenye kifua cha mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Kutoka hapo kikatoka kipima-kifua. Fundi wetu hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye habu au kwenye nyumba ya difu, mpini sikioni. Lakini angalia daktari anavyofanya akishaweka kifaa. Anakwambia vuta pumzi, zuia, toa, kohoa. Anabadilisha hali ili asikie nini kinabadilika nayo. Hilo ndilo "lini" la mzee. Gari nalo tunaliambia: ongeza mwendo, achia mafuta, pinda kushoto, pinda kulia, panda, shuka.

Kipimo cha kwanza kabisa ni kutenga injini na magurudumu. Ukiwa na gia za mkono, kanyaga klachi huku gari likiendelea kutembea. Ukiwa na otomatiki, shusha gia moja bila kubadilisha mwendo wa gari. Mizunguko ya injini imebadilika, mwendo wa gari haujabadilika. Mlio ukifuata injini, funga kitabu hiki, tatizo lako liko kwingine. Ukibaki vilevile, uko kwetu. (Usizime injini njiani ili usikilize vizuri. Usukani unaweza kujifunga, na breki hupoteza msaada wake.)

Baada ya hapo inakuja hesabu, na naomba usiikimbie, ni ya darasa la sita. Chukua tairi la 205/55R16. Mzingo wake ni karibu mita 2. Kwa kilomita 72 kwa saa gari linapita mita 20 kila sekunde, hivyo gurudumu linazunguka mara 10 kwa sekunde. Kasoro inayojitokeza mara moja kwa mzunguko, kama kivimbe kwenye tairi au rimu iliyopinda, itakuja mara 10 kwa sekunde. Hiyo iko chini ya kiwango ambacho sikio husikia kama sauti. Utaihisi kwenye makalio kabla hujaisikia.

Ingia ndani ya bering. Tuseme ina gololi 13, na njia ya pete ya nje, ile isiyozunguka, ina kidonda. Gololi husafiri taratibu kuliko gurudumu lenyewe, takriban mara 4 kwa kila mizunguko 10 ya gurudumu, na kila gololi inayopita juu ya kidonda inagonga. Zidisha: 13 mara 4 ni 52. Kidonda kikiwa kwenye pete ya ndani, hesabu inapanda hadi kama 78. Mapigo 50 au 80 kwa sekunde hayasikiki kama mapigo tena. Yanaungana kuwa mvumo mzito, huko chini kwenye noti za gitaa la besi.

Endelea hadi kwenye propela. Difu yenye pinioni ya meno 9 na gurudumu la meno 40 inaifanya propela izunguke mara 4.44 kwa kila mzunguko wa tairi. Kwa mwendo ule ule, propela inazunguka mara 44 kwa sekunde. Ikiwa imepoteza mizani utahisi mtetemo mwembamba wa haraka, tofauti kabisa na mtikisiko wa tairi. Krosi iliyochakaa inaweza kuleta mara mbili ya hapo. Na meno ya difu? Meno 40 mara mizunguko 10: yanakutana mara 400 kwa sekunde. Huo sasa ni wimbo. Ukiongeza mwendo kufika kama kilomita 79 kwa saa, difu mbovu itakulilia hezi 440, noti ile ile ambayo wapiga fidla huitumia kusawazisha ala zao. Sitanii, nimekaa garini na rafiki mpiga fidla aliyeikamata kwa sikio tupu na kunitajia jina la noti kabla sijatoa simu.

Maana siku hizi simu inatosha. Joseph Fourier alionyesha mwaka 1822 kwamba mawimbi yaliyochangamana yanaweza kugawanywa kuwa mawimbi sahili. Cooley na Tukey walitoa mwaka 1965 njia ya haraka ya kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta. Na sasa programu ya bure kwenye simu inakuchorea mlima wa hezi 52 au 400 ukiwa umekaa kiti cha abiria. Soma mlima, gawanya kwa mizunguko ya gurudumu, na uwiano unakutajia kifaa. Uwiano wa karibu 1 ni tairi au rimu, wa 5 hadi 8 wenye koma koma zake ni bering, wa 4.44 ni propela, wa 40 ni meno ya difu. Magari hutofautiana, kwa hiyo tafuta hesabu ya gari lako kabla ya kumshtaki mtu.

Nimefika kwenye ugomvi mkubwa wa uwanja huu, bering dhidi ya tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

Bering inayoanza kufa huvuma. Sauti huanza kusikika kwenye kilomita 40 au 50 kwa saa, inapanda na mwendo, haijali injini. Yeyote aliyewahi utotoni kusukuma kigari cha mbao chenye magurudumu ya bering kuukuu anaijua sauti hiyo. Hii ni ndugu yake, imefunikwa blanketi. Tairi lililoliwa vibaya nalo huvuma, nalo huanza pale pale, nalo hupanda na mwendo. Kwa sikio la kiti cha dereva ni mapacha.

Mapacha hawa hutenganishwa kwa maswali mawili ya "lini". La kwanza: lini inabadilika ukipinda? Tafuta barabara pana isiyo na magari, shika kilomita 60, kisha yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukipinda kushoto, uzito unahamia kulia, na bering za kulia zinabebeshwa zaidi. Mvumo ukikua kushoto na kupungua kulia, mara nyingi mgonjwa yuko kulia. Tairi halijali sana mchezo huo. La pili: lini inabadilika barabara ikibadilika? Ukitoka kwenye lami mpya laini kuingia kwenye lami kongwe yenye kokoto zilizochomoza, mlio wa tairi utabadilika rangi mara moja. Bering haijui lami ikoje, inavuma vilevile.

Mimi sikuuliza hata moja. Gari langu lilivuma nyuma, fundi wa gereji fulani akasema bering, nami nikiwa na shahada yangu nikaafiki. Tukabadilisha ya kulia. Mvumo ukabaki. Tukabadilisha ya kushoto. Ukabaki, na sasa nilikuwa nausikia hata usingizini. Nilipompelekea mzee, hakuinua hata jeki. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya uso wa tairi kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. "Pitisha wewe, mwalimu." Nikapitisha. Upande mmoja kiganja kiliteleza. Upande mwingine kila jino la tairi lilinikwaruza. Tairi lilikuwa limekatwa kama msumeno. Tukahamisha matairi ya nyuma kwenda mbele, na nilipotoka barabarani mvumo ulikuwa umehamia mbele pamoja nayo, mchana kweupe. Chanzo kilikuwa bushi mbili zilizokufa kwenye mikono ya saspensheni ya nyuma, zilizoyafanya magurudumu yatembee yakiwa yamepinda kidogo. Bila bushi na alaimenti, hata matairi mapya yangeliwa vilevile.

Ikiwa imethibitika ni bering kweli, inafaa kujua kwa nini imekufa. Bering za gololi zina historia ndefu. Heinrich Hertz aliweka msingi wa hesabu za mgandamizo wa vitu vya mviringo mapema miaka ya 1880. Mwaka huo huo wa 1907 ambao Rayleigh alikuwa akichunguza masikio, Sven Wingquist alibuni bering inayojiweka sawa katika kiwanda cha nguo huko Gothenburg, Sweden, ambako shafti zilikuwa zikipinda kwa sababu jengo lilikuwa likititia kwenye udongo wa mfinyanzi. Arvid Palmgren wa kampuni ya SKF, iliyozaliwa na ubunifu huo, ndiye aliyetupa kanuni ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila buti la gari: maisha ya bering ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ukizidisha mzigo mara 2, maisha hayapungui kwa nusu. Yanabaki sehemu moja ya nane. Mfikirie sasa mwenye Forester anayetoka shamba na magunia manne ya viazi nyuma, watu watano ndani, na matuta yasiyo na alama. Halafu kuna pigo moja tu la shimo au ukingo wa barabara linaloweza kuacha vishimo kwenye njia ya gololi, na mvumo ukaanza wiki kadhaa baadaye, wakati mwenye gari ameshalisahau lile shimo.

Ufungaji nao huua. Katika magari mengi ya aina hii bering hushindiliwa ndani ya nyumba yake kwa presi. Anayeipiga nyundo anaipeleka kazini ikiwa tayari imejeruhiwa. Tena bering nyingi za miaka ya karibuni zina upande mmoja wenye sumaku inayosomwa na kihisi cha ABS. Ukiigeuza, taa ya ABS itawaka na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Sasa nije kwenye mlio ambao ni wa fo-wili peke yake, ndio ulionifanya nichague mada hii. Mteja anasema: barabarani kimya kabisa, lakini nikigeuza gari uani au kwenye maegesho, usukani ukiwa umekunjwa wote, nyuma kunaguna, gari linaruka-ruka kama linabanwa breki. Hapo swali la "lini" limeshajibiwa na karibu kila kitu kimesemwa.

Chora kwa chaki sakafuni. Gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma likizunguka kwa duara ambalo ekseli ya nyuma iko mita 4.5 kutoka katikati, ekseli ya mbele inapita kwenye duara la mita 5.2. Magurudumu ya mbele yanatembea asilimia 15 zaidi ya ya nyuma. Kwa duara moja zima tofauti inazidi mita 4. Mita 4 hizo lazima ziende mahali. Kama kuna difu ya kati, inazimeza. Kama kuna klachi ya pleti nyingi au kapulingi yenye oili nzito ya silikoni, lazima ikubali kuteleza. Ikikataa, mbele na nyuma vinavutana, na anayelipa ni tairi: linakwama, linaachia, linakwama, linaachia. Hiyo ndiyo miguno.

Sababu ya kukataa mara nyingi ni oili. Mfano unaojulikana sana ni Honda CR-V za zamani, ambazo difu yake ya nyuma ina pampu mbili: moja inazungushwa na propela, nyingine na magurudumu ya nyuma. Zikitofautiana mwendo, presha inabana klachi. Difu hiyo inahitaji oili yake maalumu. Oili ikichoka, au mtu akiweka oili ya kawaida ya difu, pleti huanza kung'ang'ania na kukoroma kwenye kona. Kumwaga, kujaza oili sahihi, na kuendesha gari kwa michoro ya namba nane uwanjani huwa kunatosha. Nimeona watu wakinunua difu nzima kwa kosa la lita moja na kidogo ya oili.

Sababu nyingine ni matairi yasiyolingana, na hili halisemwi vya kutosha. Tuseme umeweka mapya mawili nyuma yenye kina cha milimita 8 na kuacha mbele yaliyobaki na 3. Mzingo unatofautiana kwa milimita 31 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, matairi ya mbele yatazunguka mara 8 zaidi kwa kila kilomita, na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita kama 190, ni zaidi ya mizunguko 1,500 ambayo kapulingi imelazimishwa kuisaga kwenye barabara iliyonyooka. Itapata joto, oili itachoka, na siku moja uani itaguna. Muuza matairi hakukosea kukuuzia mawili. Hakuulizwa gari ni la aina gani.

Kwa baadhi ya Subaru otomatiki za miaka ya 1990 kuna hila ndogo ninayoipenda: chini ya boneti kuna kishikilia fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi, klachi ya kupeleka nguvu nyuma inaachia. Kama miguno kwenye kona imekwisha, umeshajua ni klachi au oili yake. Ikibaki, kuna kitu kimekwama chenyewe. Kisha toa fyuzi.

Difu yenyewe nitaieleza kwa aya moja, ingawa ina sura nzima baadaye. Difu hulia kama mluzi au kama mbu mkubwa, na siri yake iko kwenye mguu wa kulia wa dereva. Meno yana sura mbili: moja hubeba nguvu unapokanyaga mafuta, nyingine unapoachia na gari kuisukuma injini. Mlio unaokuja ukikanyaga na kukata ukiachia, au kinyume chake, ni wa meno. Mlio usiojali mguu ni wa tairi au wa bering, iwe ya gurudumu au ya ndani ya difu. Kishindo kimoja, tak, unapotoa gia kwenye P kwenda D au R, hutoka kwenye nafasi iliyozidi kwenye krosi, jointi au bushi za kushikilia difu. Jointi za shafti za nyuma hazipindi kwa usukani kama za mbele, kwa hiyo zinaweza kuchakaa kimya muda mrefu. Tafuta buti lililochanika na grisi iliyorushwa ndani ya rimu.

Mengine ni mepesi na hugundulika kwa macho. Nati za gurudumu zilizolegea hulia tak-tak kwenye mwendo mdogo, hasa baada ya kuziba pancha, na hizi zikague kabla ya kitu kingine chochote, maana hapo gurudumu linaweza kuondoka. Pedi zilizokwisha hulia kwa ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi. Kipande cha utandio wa hendibreki kilichobanduka hutatarika ndani ya ngoma. Shokapu na linki za stabilaiza hugonga kwenye mashimo na kunyamaza kwenye lami nzuri. Na kuna kokoto linaloingia kati ya diski na bati la vumbi: mkwaruzo wa kutisha, abiria wote wanashika mioyo, na dawa yake ni bisibisi na sekunde kumi. Barabara za changarawe hutuletea wateja wa namna hiyo kila wiki, na bado sijajifunza kuwatoza bila kuona aibu.

Jambo moja la uhai kabla hujaingia uvunguni. Fo-wili usiliwashe na kuliingiza gia likiwa limeinuliwa gurudumu moja au mawili tu. Gurudumu lililogusa chini bado lina nguvu, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Ama yote manne yawe juu ya stendi imara, ama injini izimwe na uzungushe kwa mkono. Kwa mkono inatosha mara nyingi: weka kizuizi kwenye magurudumu mengine, achia hendibreki, shika springi kwa mkono mmoja na zungusha tairi kwa mwingine. Bering mbovu utaihisi kwenye springi kama mchanga. Kisha shika tairi juu na chini, tikisa. Ukisikia nafasi, gari lisitoke gereji hiyo siku. Na baada ya kutoka barabarani, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko pacha wake wa upande wa pili, umepata pa kuanzia.

Zoezi la kwanza la kozi hii halihitaji gari bovu. Chukua gari zima, mwenzako, na daftari. Pita barabara unayoijua, ile ile kwenda na kurudi, madirisha yakiwa yamefungwa kisha yakiwa wazi kando ya ukuta mrefu unaorudisha sauti. Kila mwendo unapoongezeka kwa kilomita 10 kwa saa, andikeni kinachosikika: kitenzi kwanza, kisha mguu ulikuwa wapi, usukani ulikuwa wapi, lami ilikuwaje. Mahali pa mlio msiandike kabisa hadi ukurasa ujae. Mwenzako ndiye aandike; dereva ashike usukani.